Mwaka wa Kuchoma Vibaya

Walimwita Bi Moto, na usidhani ni kwa sababu ya tanuri peke yake. Hata kabla hajaajiriwa kiwandani alikuwa hivyohivyo. Ukimkanyaga mguu hakusubiri ufike nyumbani ujue kosa lako. Alikuambia palepale, na jirani wa upande wa pili wa barabara akalisikia pia. Kiwanda cha saruji kilimpa tu kazi iliyolingana na jina. Alikuwa mchomaji, yaani mtu anayekaa kwenye chumba cha juu na kuuongoza moto wa tanuri. Tanuri lenyewe ni bomba kubwa la chuma lililolazwa ubavu, linazunguka taratibu usiku na mchana. Unga wa mawe unaingia upande mmoja, mwali wa makaa unapulizwa kutoka upande wa pili, na vinavyodondoka mwishoni ni vidonge vya moto ambavyo vikipoa na kusagwa ndiyo saruji unayoiona dukani.

Wapo wanaodhani kuchoma ni kutupia makaa tu. Bi Moto akisikia hivyo alicheka puani. Tanuri ukilinyima makaa, mawe yanatoka mabichi. Ukilizidishia, linakula mali na kutapika moshi. Kila alipoingia zamu, kabla hajakaa mbele ya skrini, alishuka kwanza ngazi hadi kwenye tundu la kutazamia, akaweka kioo cha buluu mbele ya jicho na kuutazama mwali kwa muda wake. Wenzake walimtania kwamba anakwenda kumwamkia mkwe.

"Ndiyo," aliwajibu, "na mkwe wangu ana adabu kuliko nyinyi."

Alipoanza kazi hiyo, tanuri lilikuwa linavuja ncha zote mbili. Upepo baridi uliingia kwenye nyufa, na nusu ya kazi ya makaa ikawa kupasha joto upepo usiomfaa mtu. Bi Moto alipiga kelele juu ya nyufa hizo mpaka watu wakachoka kumwona. Wakubwa walimwambia bajeti hairuhusu. Basi kila tanuri liliposimamishwa kwa matengenezo, alikuwa wa kwanza kufika na wachomeleaji, wakaziba kwa mabati mazito, yakaungua, wakaziba tena, hadi mwisho wakubwa wakaona aibu na kununua vizibo vya maana. Makaa yalipungua, na moshi wa bomba kuu ukawa mwembamba kiasi kwamba mgeni angeuliza kama kiwanda kimefungwa.

Chini ya bomba hilo ndiko alikokuwa akiishi, yeye na mumewe, fundi cherehani aliyeshona mashati ya shule. Zamani mume huyo alishona ndani, dirisha limefungwa na jasho linamtiririka, maana shati jeupe likikaa nje mchana mmoja lilikuwa halina tena haki ya kuitwa jeupe. Tanuri lilipotengemaa, siku moja Bi Moto alirudi kutoka zamu akamkuta cherehani ameitoa barazani, anashona kwenye upepo huku akipiga mluzi. Alisimama pale barabarani na mkoba wake begani, akatazama, na kama kuna siku aliyowahi kujiona msomi ni siku hiyo.

Sasa sikia upuuzi ulioingia.

Serikali ilitangaza biashara ya hewa ukaa. Wazo lenyewe halikuwa baya, na tusiwe wezi wa fadhila. Kila kiwanda kitakuwa na vibali. Kibali kimoja kinakuruhusu kutoa tani moja ya hewa ukaa, ile hewa isiyoonekana ambayo makaa yakiungua hupanda juu na kuichemsha dunia. Jumla ya vibali vyote ina kikomo, na kikomo kitashushwa mwaka hadi mwaka. Anayetoa hewa kidogo atauza vibali vinavyobaki, anayetoa nyingi atanunua. Bi Moto aliisikia habari hiyo redioni akiwa anakunywa chai, akapiga meza hadi kikombe kikaruka.

"Mume wangu, umesikia? Sasa tutawaona wale wachomaji wa kiwanda cha ng'ambo ya mto na moshi wao mweusi! Watanunua vibali kwetu!"

"Makaa yao, moshi wao," alisema mumewe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. "Chai imemwagika."

Furaha hiyo haikufika mwisho wa wiki. Habari ilipotoka nzima, ilionekana kwamba vibali vya kwanza vitatolewa bure, na kila kiwanda kitapewa kulingana na hewa ukaa kitakayoitoa katika mwaka wa kipimo. Na mwaka wa kipimo ni upi? Ni mwaka uliokuwa unakuja. Wakautangaza mapema, kwa herufi kubwa, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Hebu mwambie mtu kwamba mwakani utampa chakula kulingana na atakavyokula mwaka huu, halafu umtazame atakavyokula. Watu wazima, wenye suti na maji ya chupa mezani, walikaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi wakalipitisha jambo hilo, wakapigiana makofi.

Meneja wa kiwanda alikuwa mtu wa tabasamu. Mwaka huo ulipoanza, alipanda hadi chumba cha wachomaji mwenyewe, jambo alilolifanya mara chache, akavuta kiti karibu na Bi Moto.

"Mama, habari za kazi?"

"Kazi ipo. Kuna nini?"

"Hamna neno. Nilitaka kukuambia tu kwamba mwaka huu usijitese sana."

"Nijitese na nini?"

"Na makaa. Liachie kidogo. Vizibo vikichakaa, viache vichakae. Milango ya ukaguzi ikibaki wazi, siyo dhambi."

Bi Moto alimgeukia mzima mzima. Aliyekuwa ameketi upande wa pili wa chumba, mchomaji mwenzake waliyemwita Mpole, ambaye alifundishwa kazi na Bi Moto tangu hajui kushika kioo, alijitia hamnazo akaendelea kutazama skrini.

"Yaani unaniambia nichome vibaya?"

"Nakuambia tujipange. Sikiliza, mama. Ukichoma kama unavyochoma, tutapewa vibali vya kiwanda kidogo. Wale wa ng'ambo ambao hawajawahi kuziba hata tundu moja watapewa maradufu yetu. Halafu mwaka unaofuata wazibe, wauze. Sisi tutaziba nini? Wewe umeshaziba kila kitu! Unataka kiwanda kiadhibiwe kwa usafi wako?"

Kilichomuuma Bi Moto ni kwamba meneja hakuwa anasema uongo. Angekuwa mwongo ingekuwa rahisi, angemtukana na kumaliza. Lakini hesabu ilikuwa hivyohivyo alivyoisema. Sheria ilikuwa inamcheka usoni kila aliyetangulia kufanya vizuri, na inampakulia mchafu sahani iliyojaa.

"Kwa hiyo nichafue mwaka huu, ili mwakani tulipwe kwa kuacha kuchafua?"

"Usiliseme hivyo."

"Nitalisemaje? Mimi nakaa chini ya bomba lile! Na mwali nikiuvuruga hautoki hewa isiyoonekana peke yake, unatoka masizi!"

"Mwaka mmoja tu, mama."

"Kavute masizi wewe mwaka mmoja tu!"

Meneja aliondoka na tabasamu lake. Bi Moto aliziba kila mlango siku hiyo, akakagua vizibo kwa tochi, na tanuri likala makaa machache kuliko kawaida yake. Alifanya makusudi.

Ofisi ya mazingira ilikuwa imeitisha mkutano wa kukusanya maoni katika ukumbi wa shule, na Bi Moto alifika akiwa bado na viatu vya kazi. Aliyewakilisha ofisi alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alieleza vizuri, kwa picha ukutani na bila maneno ya kutisha. Ilipofika zamu ya maswali, Bi Moto alisimama kabla hajaruhusiwa.

"Binti yangu, umesema yote, ila hukusema kwa nini mchafu apewe nyingi."

Ukumbi ulicheka. Yule binti hakucheka.

"Mama, rasimu ya kwanza haikuwa hii," alisema. "Tuliandika kwamba kila kiwanda kipewe vibali kwa kila tani ya saruji kinayotengeneza, kwa kipimo cha matanuri bora, siyo kwa moshi wake. Aliye safi angebakiwa na vya kuuza, mchafu angepungukiwa tangu siku ya kwanza. Tena sehemu ya vibali ingepigwa mnada, na fedha zirudi mitaa kama yenu. Na kama ilikuwa lazima kuangalia moshi, tuliomba mwaka uliokwisha kupita, kwa sababu hakuna anayeweza kurudi kuuchafua."

"Sasa ikawaje?"

"Chama cha wenye viwanda kilisema watafunga na kuhamia nchi nyingine."

"Wahamishe mlima wa mawe?" alipaza sauti Bi Moto. "Tanuri lile lina uzito wa mtaa mzima, watalibeba kichwani?"

"Nilisema hivyo, mama. Siyo kwa maneno mazuri kama yako."

"Na nani aliyeikata rasimu yako?"

Binti alitazama kwanza mlangoni, ambako mkubwa wake alikuwa anazungumza kwenye simu, kisha akamtazama Bi Moto. "Walio juu yangu," alisema. Bi Moto alikuwa amekwenda kugombana na mtu, akagundua kwamba aliyepelekwa kugombana naye alikuwa upande wake tangu mwanzo. Wale waliostahili hasira yake hawakuwamo ukumbini, na wasingekuja kamwe, kwa sababu mikutano ya maoni huitishwa baada ya maoni yao kusikilizwa. Alirudi nyumbani akitembea kwa kishindo, na hasira yote akiwa nayo bado.

Aliendelea kuchoma vizuri. Meneja alimwita mara ya pili, akamwita mara ya tatu akiwa hana tabasamu, na mwisho akampa barua ya kumhamishia sehemu ya kufunga mifuko. Kiti chake akapewa Mpole.

Walikutana kwenye ngazi, Bi Moto anashuka na kioo chake cha buluu mfukoni, Mpole anapanda.

"Mama, nisamehe. Nina watoto."

"Na mimi nina nini, paka?"

"Ningekataa angeletwa mwingine."

"Basi angeletwa huyo mwingine, nisingekuwa nimemfundisha mimi!"

Mpole aliinamisha kichwa akapita. Tusimwonee, alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana walimchagua. Ila mtu mwema yule alifungua milango ya ukaguzi ikabaki wazi. Vizibo vilipopasuka hakuandika, na makaa aliyaachia yaingie kama maji. Kila kitu alichofundishwa asikifanye, alikifanya kwa mpangilio, bila kuharibu saruji hata mfuko mmoja. Bi Moto, akiwa chini kwenye vumbi la mifuko, alisikia kwa mngurumo wa feni jinsi tanuri lilivyokuwa linahema, akasaga meno hadi taya zikamuuma.

Na mtaa ukala masizi. Moshi ulirudi, mzito, ukilala juu ya mapaa asubuhi mpaka jua lipate nguvu. Sahani zilizoanikwa zilioshwa upya kabla ya kula. Fundi cherehani alivumilia barazani siku kadhaa, akifunika kitambaa kwa kitambaa, kisha shule ikamrudishia mzigo mzima wa mashati yenye madoa. Aliikokota cherehani ndani, akafunga dirisha. Mkewe alirudi kazini akakuta baraza tupu, na hilo likamchoma kuliko matusi.

Halafu majirani. Hao ndio waliommaliza.

"Bi Moto, vipi, moto umekushinda siku hizi?" alimuuliza mama wa dukani. "Au ndiyo uzee?"

"Siko kwenye moto! Wamenitoa!"

"Wamekutoa kwa nini?"

"Kwa sababu nimekataa kuwachafulia! Wanachafua ili wapewe vibali vingi, halafu waviuze!"

Mama wa dukani alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. "Wachafue ili walipwe? Hebu acha utani, dada yangu. Serikali gani inaweza kufanya hivyo?" Bi Moto alichukua chenji yake, akaondoka. Lilikuwa jambo la kijinga mno kiasi kwamba aliyelisema ndiye aliyeonekana mjinga. Usiku alisimama uani, mikono kiunoni, akalitukana bomba kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa, mpaka mumewe akatoka kumshika mkono.

Mwaka ukaisha. Vibali vikatoka, na kiwanda kikapata furushi nono. Hakuna aliyekamatwa, maana hakuna aliyevunja sheria.

Siku chache baadaye meneja aligonga mlango wa fundi cherehani. Alikaribishwa kiti, akakaa katikati ya vipande vya kitambaa, tabasamu limerudi mahali pake.

"Mama, kiwanda hakina mchomaji kama wewe. Nimesema kikaoni, yule mama ni hazina."

"Usinivike kilemba cha ukoka. Sema shida yako."

"Rudi juu. Sasa tunataka uchome vizuri. Vizuri kuliko zamani! Kila tani usiyoitoa ni kibali cha kuuza. Utapandishwa cheo."

Alipigiwa kelele zilizowatoa watu majumbani. Bi Moto alimwambia kila alichokuwa ameweka moyoni mwaka mzima, kuanzia vizibo alivyovipigania hadi mzigo wa mashati. Meneja alisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu wa mtu ambaye maneno hayampunguzii kitu. Alipokwenda zake, mumewe, ambaye hakuwahi kumwamulia mkewe jambo la kazi, alisema, "Usirudi. Usikubali wakutumie."

"Na moshi?"

"Mpole si atafunga milango?"

"Mpole anajua kufunga milango. Vizibo vimekufa, mwali umepinda, ndani ya tanuri matofali yameota uvimbe wa mawe yaliyoganda. Itamchukua miaka." Aliketi, akashika tama. "Nisiporudi mtaa unavuta masizi. Nikirudi nawatajirisha wale wale walioutia masizi. Hapo wamenikamata vizuri, mume wangu. Wamenikamata kwa kitu ninachokipenda."

Alirudi. Mpole alisimama alipomwona mlangoni, akampisha kiti, na Bi Moto hakumsamehe kwa maneno. Alimwambia tu achukue tochi wakatazame vizibo. Wiki hizo alifanya kazi kama aliyechanjwa pilipili. Alisimamisha tanuri, akabomoa uvimbe, akaziba, akaunyoosha mwali. Moshi ukaanza kukonda.

Ukiwa umekonda hivyo, ndipo wageni walipokuja. Walikuwa wanunuzi kutoka kampuni ya umeme, kampuni ambayo majiko yake ya mvuke yalikuwa mabovu, nayo ikaona kununua vibali ni rahisi kuliko kutengeneza majiko. Meneja aliwapandisha hadi chumba cha wachomaji, kofia za plastiki mpya vichwani.

"Huyu ndiye mama aliyepunguza moshi wetu," alisema meneja. "Mmeyaona matokeo. Soko linafanya kazi!"

"Ajabu kweli," alisema mmoja wa wageni, mtu mzima mwenye sauti ya upole. "Kwa muda mfupi namna hii! Mama, mlitumia mbinu gani?"

Bi Moto alimtazama meneja, akaona kwamba hana wasiwasi wowote, akalitamka wazi, neno kwa neno.

"Tulichafua kwanza. Mwaka mzima, makusudi, ili tupewe vibali vingi. Sasa tumeacha."

Wageni waliangua kicheko. Meneja alicheka pia, akampigapiga mgeni begani. "Nilikuambieni ana maneno huyu!"

"Sifanyi mzaha," alisema Bi Moto, sauti ikimpanda. "Milango ile tuliiacha wazi. Mnanunua moshi ambao haukuwahi kuwa na sababu ya kuwepo. Nanyi mkienda kutoa wa kwenu kwa vibali hivi, hapo hakuna kilichopungua popote!"

Safari hii kicheko kilikuwa chembamba. Yule mwenye sauti ya upole aliacha kucheka kabisa, na kwa mara ya kwanza akamtazama mwanamke huyo machoni. Alikuwa ameelewa. Bi Moto aliona kwamba ameelewa, akasogea hatua moja kumwelekea. Mgeni akamgeukia meneja.

"Lakini vibali vyenyewe ni halali?"

"Halali kabisa. Vimesajiliwa."

"Basi sawa," alisema mgeni, akavua kofia ya plastiki na kujipangusa paji la uso. "Humu kuna joto. Tuendelee."

Wakashuka ngazi mmoja baada ya mwingine, wakizungumza. Bi Moto alibaki amesimama katikati ya chumba, kwa hasira iliyomfanya Mpole aogope kumsogelea. Angeweza kuyaachia makaa yote yaingie, moshi mweusi uwafuate hadi kwenye gari lao. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Lakini upepo siku hiyo ulikuwa unaelekea mtaani kwake, hauelekei barabara kuu. Akapunguza makaa, akapunguza tena kidogo, na kwa kila kidogo alichopunguza wakubwa wa kiwanda wakawa wamepata kibali kingine cha kuuza.